Sweta ya Wajina Wangu

Nilikohoa miezi mitano kabla ya kumwambia mtu yeyote. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonitia aibu zaidi, na ninajijua: nikiliacha mpaka mwisho nitapata sababu ya kulikwepa. Wewe unayesoma haya pengine una kikohozi ambacho umekipa jina lingine. Vumbi. Moshi wa jikoni. Mimi changu nilikiita baridi ya Mbumbuni, na kwa kweli kwetu mlimani mwezi wa sita na wa saba ukungu hushuka mpaka mlangoni, kwa hiyo hakuna aliyenibishia.

Sitaeleza dawa hufanyaje kazi mwilini. Sijui. Niliishia darasa la saba, na kila nilichojua baada ya hapo nilijifundisha mwenyewe, kufuma kukiwemo. Hakuna aliyenishika mkono. Nilichukua sweta ya zamani ya Mama iliyokuwa imekwisha viwiko, nikaifumua polepole mstari kwa mstari, nikitazama uzi unatokea wapi na ulikuwa umeingilia wapi, kisha nikaufuata njia ileile nikirudi. Sindano zangu zilikuwa spoki mbili za baiskeli nilizozisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Nilipofika miaka kumi na saba nilikuwa nafumia watoto wa majirani sweta za shule.

Lakini nilikuwa na ugonjwa mwingine kabla ya huu wa kifua. Nikiona kitanzi kimoja kimekaa upande, hata kama kiko mistari ishirini nyuma, hata kama hakuna mwingine anayekiona, sikuweza kulala. Nilikuwa nafumua yote. Mama alikuwa akiniambia, "Syombua, hiyo sweta utaizeesha kabla haijazaliwa." Nilikuwa nacheka. Nilidhani ni sifa.

Mwezi wa tatu, mvua zilipoanza, mke wa kaka yangu alijifungua mtoto wa tatu wa kike. Kaka yangu Muthama alikuwa akifanya kazi dukani Emali, kwenye barabara ya Mombasa, na alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mkewe tulimwita Mama Nduku kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na aliishi nasi boma moja. Mtoto wa kwanza alikuwa amepewa jina la mama yetu, wa pili jina la mama yake Mama Nduku, na huyu wa tatu wakampa langu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sikuwa na mume wala mtoto, na ghafla kulikuwa na Syombua mwingine duniani.

Kwetu ukipata wajina, mtoto huyo ni nusu yako. Ukitoka sokoni mikono mitupu utaulizwa. Utani nao hauishi. Mtoto akilia, Mama Nduku ananiita kutoka jikoni, "Wifi, njoo ujibebe!" Akijichafua: "Syombua mkubwa, huna haya? Umejikojolea tena mbele ya wageni!" Na mimi namchukua, naenda kumbadilisha, nimefurahi kama mjinga.

Wajina humvika wajina wake. Nilitaka sweta yake isiwe kama zile za shule. Kanisani walikuwa wameleta nguo za msaada, na humo nikapata sweta kubwa ya mwanamume, rangi ya maziwa, ya sufu halisi ya kondoo. Nondo walikuwa wameitoboa kila mahali. Nilipoifumua, uzi ulikatika mara nyingi ajabu, na kila ulipokatika niliunga. Kuunga kwenyewe nilikugundua peke yangu na nilijivunia sana. Ukipiga fundo, litaonekana. Mimi nilikuwa nachambua ncha mbili, nazilowesha kwa mate, nazisugua kati ya viganja mpaka nyuzi zishikane ziwe kitu kimoja. Uzi wa kondoo ukilowa na kusuguliwa hushikana hivyo. Haonekani aliyeunga wala palipoungwa. Nadhani katika ule mgongo peke yake kulikuwa na maungio sitini, na kila moja lilipita mdomoni mwangu.

Kikohozi kilianza mwezi wa nne. Mwezi wa tano nikaanza kulowa jasho usiku. Mwezi wa sita sketi ilinizunguka kiunoni, nikaibana kwa pini. Nilikuwa nikienda kukohoa nyuma ya mibuni, leso mdomoni, kisha nafua leso. Kwa nini sikusema? Nimejiuliza swali hili mpaka limechakaa. Nilijua wangenipeleka hospitali na kwamba hospitali ni miezi, na sweta ilikuwa haijaisha. Na haikuwa imeisha kwa sababu nilikuwa nimeifumua mara nne. Hilo ndilo jibu, sina lingine la heshima. Nilikuwa nakaa juani mlangoni, mtoto mapajani, sindano zikipita juu ya kichwa chake, nikipumua juu ya utosi wake mchana kutwa.

Asubuhi moja mwezi wa tisa nilikuwa kwenye mkono wa kushoto wa sweta. Nilikohoa mara moja tu, na tone likaanguka kwenye sufu. Jekundu, dogo, ukubwa wa fukusi wa mahindi. Unajua nilifanya nini? Sikumwita Mama. Nilikimbilia maji baridi, kwa sababu damu ikipata maji moto haitoki. Nilisafisha sweta kabla ya kusafisha mdomo wangu.

Mama Nduku alinikuta nimeinama kwenye beseni. Alikuwa amekuja kuniachia mtoto aende kisimani.

"Jichukue," akasema kwa utani wake, kisha akaona maji. "Hiyo ni nini?"

"Nimejidunga."

"Kwa spoki butu hiyo?"

Akaja karibu, akanitazama midomo.

"Syombua. Tangu lini?"

"Leo."

"Syombua."

"Tangu mwezi wa nne."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alirudi nyuma hatua tatu, akavuta kanga juu ya uso wa mtoto, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Na umekuwa ukimshika."

Mama alinipeleka hospitali kesho yake. Kuhusu foleni nitakwambia jambo moja: usivae nguo mpya ili uonekane si mgonjwa. Mimi nilivaa. Tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri, watu wanane tumebanana. Nikakohoa, mwanamke wa kando yangu akahamia upande wa pili. Nikakohoa tena, wakahama wawili. Kufikia saa nne benchi lilikuwa langu mimi na Mama. Mama alinyoosha miguu juu ya benchi, akasema kwa sauti ili wasikie, "Angalau tumepata nafasi." Ni yeye peke yake aliyecheka. Kisha akageukia ukuta, na nikaona mabega yake.

Walinipa kikopo cha kutemea makohozi asubuhi tatu mfululizo. Walinibandika kifua kwenye chuma baridi cha eksirei, wakaniambia nisitikisike. Kisha karani akaandika kitu kwenye kadi ya rangi tofauti na kadi za wengine, na nikajua kabla ya kuambiwa.

Wodi ya kifua ilikuwa jengo la mwisho, kando ya ua, madirisha wazi mchana na usiku. Sindano ilikuwa kila asubuhi kwa miezi miwili. Baada ya wiki ya tatu hakukuwa tena na mahali laini pa kudunga. Kitanda cha pili kilikuwa na bibi mmoja tuliyemwita Susu Kalekye. Susu ni nyanya kwa lugha yetu. Alikuwa mtu wa Zombe, Kitui, alikuja kumtembelea binti yake aliyeishi Matiliku, akaugulia huko. Asubuhi sista akiingia na trei, Susu anavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Sista, upande wa kushoto usibishe hodi. Wapangaji wamejaa."

"Na wa kulia, Susu?"

"Wa kulia wamehama kwa sababu ya kelele."

Hata sista alicheka, na akicheka mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi. Hilo nalo likutie moyo: mchekeshe anayekudunga.

Mwili wangu ulibadilika kwa namna ambayo sikuambiwa. Masikio yalianza kulia, mlio mwembamba kama wa nyenje, na mpaka leo katika sikio la kushoto haujaondoka. Nikisimama ghafla, sakafu inateleza. Kisha vidole. Vilianza kuwasha kama vimeguswa na upupu, halafu vikafa ganzi ncha zake. Sista alisema ni dawa na akaniongezea kidonge kidogo cha kusaidia, lakini nilikuwa nimekaa na jambo hilo wiki nyingi kabla ya kumwambia. Unaona? Hata hapo nilikuwa bado naficha.

Ni sista huyohuyo niliyemuuliza kuhusu uzi. Nilisubiri wengine watoke nje kuota jua.

"Sista, nilikuwa naunga uzi kwa mate. Sweta ya mtoto."

"Mtoto amevaa?"

"Haikuisha."

"Basi acha kujisumbua na uzi. Uzi umekauka zamani." Akakunja karatasi yake. "Mtoto alikuwa akikaa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa karibu?"

"Mapajani."

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuitaka. "Huo ugonjwa unatoka kifuani na pumzi, dada. Mwambie mama yake amlete apimwe. Mwambie leo."

Nilimwambia Mama alipokuja Jumapili kwamba mtoto apimwe. Sikumwambia kwa nini.

Mwisho wa mwezi wa kumi kaka yangu Muthama alikuja. Hakuingia wodini. Alisimama nje ya dirisha, kofia mkononi, na tukaongea juu ya mahindi, juu ya duka, juu ya mvua iliyokuwa imekawia. Mwishowe nikauliza, "Wajina wangu hajambo?"

"Ana tezi shingoni." Alikuwa akiitazama kofia yake. "Amepewa dawa. Kama zako, lakini nusu. Daktari anasema atapona, mradi asikose hata siku moja."

Nilishika ukingo wa dirisha. Vidole havikusikia chochote.

"Na kuhusu jina," akasema Muthama. "Mama yake ameona tumwite Katunge. Kwa sasa."

"Katunge ni nani?"

"Shangazi yake huko kwao."

"Kwa sasa ni mpaka lini?"

"Wee Syombua, pona kwanza. Watu wamesema mengi. Wengine wanasema jina linabeba mambo yake."

"Na wewe unasema nini?"

Aliivaa kofia. "Mimi nasema mtoto anatapika dawa kila asubuhi, na mama yake analia."

Alipoondoka, Susu Kalekye, ambaye alikuwa amejifanya kulala, akafungua jicho moja.

"Wamekurudishia jina lako?"

"Ndiyo, Susu."

"Mimi nina wajina wanne. Wawili ni wezi. Ningerudishiwa hayo mawili nisingelia." Akangoja kama nitacheka. Sikucheka. "Basi lia leo," akasema. "Kesho kuna sindano."

Susu alifariki wiki moja kabla ya mimi kuruhusiwa, mchana, wakati wa chai. Chai yake ilikuwa imekwisha kumiminwa, na sista akatugawia. Tuliinywa. Nilitamani kukuambia kwamba tulikataa.

Nilirudi nyumbani mvua za mwezi wa kumi na moja zimenyesha, kunde zimeota. Walikuwa wamenitengea chumba kilichokuwa stoo ya magunia. Kikombe changu kilikuwa cha bati, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono ili kisichanganywe na vingine. Mama alikula nami kila siku, sahani moja, na nilipomkataza akasema, "Nilikula na wewe kabla hujawa na meno."

Siku ya pili Mama Nduku alisimama mlangoni pangu. Nje kabisa. Mtoto hakuwa naye.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Mama amenionyesha ile nguo, nami nilikuwa nikikuona ukipitisha uzi mdomoni. Ni kweli ulikuwa ukitemea mate kwenye nguo ya mtoto wangu?"

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo pabaya kuliko kote. Nilijua jibu la kweli. Sista alikuwa ameniambia kwamba uzi hauna hatia. Lakini nikisema si uzi, Mama Nduku angeuliza ni nini basi, na ningelazimika kusema: ni mapaja yangu, ni ile miezi mitano niliyonyamaza huku nikimpumulia. Uzi ulikuwa rahisi. Uzi ungeweza kuchomwa.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa naunga kwa mate. Itakuwa ni huo uzi."

Akaitikia kwa kichwa. "Nitamwambia Muthama auchome."

Tangu siku hiyo nyumba nzima ilichukia sweta badala yangu, na mimi niliwaacha. Jirani akiuliza mtoto aliambukizwaje, jibu lilikuwa tayari. Sweta haikuchomwa. Mama aliikunja pamoja na sindano zake na bonge la uzi, akaifungia ndani ya kopo la biskuti na kuiweka juu darini ghalani, wala hakumwambia mtu.

Nilimeza vidonge mwaka mmoja na nusu. Nilihesabu wakati kwa kadi: ikijaa, napewa nyingine. Msimu wa kunde, msimu wa mbaazi, kunde tena. Kila mwezi nilitembea kwenda kliniki kuchukua dawa, na mara tatu nilimkuta Mama Nduku kwenye foleni hiyohiyo akiwa na mtoto, tumetoka boma moja kwa nyakati tofauti ili tusifuatane. Mtoto alianza kutembea nikimwona kwa mbali, uani. Akielekea upande wangu mtu alimwita: "Katunge! Rudi!" Sikuwahi kulitamka jina hilo. Nikimzungumzia nilisema "yule mtoto." Nilikuwa nangoja wanirudishie lile lingine.

Waliponiambia nimepona, daktari aliniandikia kwenye kadi kwamba siwezi kumwambukiza mtu tena. Niliionyesha kadi nyumbani. Muthama aliisoma kwa sauti. Mama Nduku akasema, "Mungu asifiwe," kisha akamwinua mtoto aliyekuwa sakafuni akaenda naye jikoni. Kikombe cha bati kiliendelea kuwa changu.

Mwaka mwingine ukapita. Nililima, niliimba kwaya, sikufuma. Mwezi wa sita baridi ilipoanza, Mama alipanda ghalani akashuka na lile kopo, akaliweka kitandani pangu.

"Nimechoka kulilinda," akasema. "Lichome au limalize."

Mgongo ulikuwa umekamilika, mbele pia, na mkono mmoja na nusu. Sijawahi kufuma kitu kizuri kama kile, kabla wala baada. Nilikigeuza upande na upande nikitafuta kosa, na sikupata hata moja. Kilikuwa cha mtoto wa miezi sita. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na miezi mitatu. Niliona wazi nilichokuwa nikifanya ile miezi mitano, kila kitanzi kimenyooka kama kimepigwa rula, na nikakivuta uzi. Kiliachia chote jioni moja.

Niliosha uzi kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, nikauanika juani siku tatu, nikaanza upya. Vidole havikuweza. Kufuma nilikokujua kulikuwa kwenye ncha za vidole, na ncha hazikuwa zangu tena. Kitanzi kilikuwa kinaponyoka na mimi sisikii, nakuja kukiona mistari kumi mbele. Watu husema ugonjwa hukufundisha kusamehe makosa madogo. Mimi haukunifundisha. Niliyaacha makosa kwa sababu nikifumua ningefuma mengine mabaya zaidi. Kila moja lilinichoma. Mahali pa kuunga nilipiga fundo.

Ilichukua wiki saba. Ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa sweta, na ilikuwa saizi yake kwa kukadiria kwa macho, maana sikuwa nimemgusa kumpima. Niliifunga kwenye gazeti, nikavuka ua. Mama Nduku alikuwa akichemsha maharagwe nje. Mtoto alicheza na magunzi kando yake.

"Mama Nduku," nikasema, "nimemaliza."

Aliielewa bila kufungua. Alifuta mikono kwenye leso yake, akaipokea, akaikunjua. Akaangalia mafundo.

"Ni uzi uleule?"

"Niliufua."

"Kwa maji gani?"

"Ya uvuguvugu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: airudishe, au aitie motoni mbele yangu. Badala yake akaepua maharagwe, akaweka sufuria kubwa ya maji, akaongeza kuni. "Nitaichemsha," akasema. "Ikichemka vizuri atavaa. Baridi imezidi na hana nyingine."

Atavaa. Nilikuwa nimengoja neno hilo tangu mtoto alipozaliwa. Na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba sufu haichemshwi. Ni kitu kilekile kinachofanya ncha mbili zishikane kiganjani. Ningesema, "Usichemshe, itaharibika." Lakini masikioni mwake ingekuwa, "Mvike mtoto mate yangu." Au ningesema, "Haina haja, haikuwa uzi." Nilifungua mdomo. Maji yakaanza kuchemka. Nikaufunga.

Aliigeuza kwa mwiko, kwa bidii, akiikandamiza kila ilipoelea, kama mtu anayesonga ugali. Dakika nyingi. Alipoitoa ilikuwa ngumu na nene kama kipande cha zulia, na imejikunja mpaka ningeweza kuificha kati ya viganja viwili. Aliitazama. Akainyoosha, ikarudi. Akamwita mtoto, akajaribu kumwingiza mkono. Haukupita hata kiwiko.

"Nilitaka avae," Mama Nduku akasema. Nikaona hakuwa akinidanganya.

"Najua."

"Ulijua itakuwa hivi?"

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Aliketi kwenye kigoda. Sufuria ilikuwa ikitoa mvuke kati yetu. Nilimwambia basi. Nilimwambia kwamba haikuwa uzi, haikuwahi kuwa uzi, sista aliniambia tangu wodini. Hakuinua macho. Alimwondolea mtoto kipande cha gunzi mkononi, akakirudisha. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Umebakiwa na uzi?"

"Bonge moja. Nitaongeza wa kununua."

"Basi mpime. Huwezi kufuma kwa kukisia, hata kabla sijaichemsha mikono yake ilikuwa mirefu mno." Akamgeuza mtoto anielekee. "Katunge, nenda upimwe na shangazi."

Nilipiga magoti. Nilikata kipande cha uzi. Nikasema, kwa mara ya kwanza, "Njoo, Katunge," na jina hilo lilitoka bila kunikwama, jambo lililoniuma zaidi kuliko kama lingekwama. Alikuja. Alisimama mbele yangu wima, mikono imebana mbavu, makovu mawili madogo shingoni mahali tezi zilipopasuka. Nilizungusha uzi kifuani mwake. Kifua hakikusogea. Nilidhani ni woga. Nikamtazama usoni: mashavu yamevimba, midomo imefungwa kabisa, macho yamemtoka.

"Nini, mama?" nikamuuliza. "Unaumwa?"

Alitikisa kichwa. Aligeuka pembeni haraka, akavuta hewa, akasema, "Mama amesema nisipumue kwako," kisha akageuka tena akaibana.

Mama Nduku aliinama akaanza kuchochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Basi alijua kwamba ni pumzi, si uzi. Kliniki ile walimwambia yeye pia, pengine wiki ileile, na alikuwa amekaa na jambo hilo kama mimi, sisi wawili na ile sweta. Yaliyoandikwa kwenye kadi yangu yalikuwa kweli, na mtoto alikuwa anaanza kuwa mwekundu.

Nikapima kifua, nikapima mkono, nikapima kutoka bega mpaka kiuno. Nilipima haraka, ili apate kupumua.